Picha Iliyopakwa Samli

Mwaka wa sabini na sita, wakati wa kuvuna ngano, ukungu uliikalia Ngorongoro mpaka wageni wakakosa kuiona kreta. Hiyo ndiyo sababu waliingia kwetu. Mwalimu wao alichoka kungoja kule juu hotelini, akawateremsha wanafunzi wake hadi Karatu watafute jua.

Wanafunzi wenyewe walikuwa wazee. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la nne ili nisaidie kulea wadogo zangu, na sasa naona watu wenye mvi, wengine wanashuka kwenye gari kwa kushikwa mkono, kila mmoja ana kamera shingoni, wanamfuata kama vifaranga mwalimu wao, kijana mwenye ndevu nyekundu. Dereva wao, mtu wa Nairobi, alituambia kwamba wamelipa nauli ya ndege kuja kufundishwa kupiga picha.

"Wazee wote hawa?" mama akauliza.

"Wote, mama. Na wanagombezwa kama watoto."

Tulikuwa uwanjani tunapepeta. Mwanangu Bernadina, ambaye sote tulimwita Dina, nilikuwa nimembeba mgongoni. Alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Usingizi ukimjia alikuwa na tabia ya kushika sikio lake la kushoto na kulivuta taratibu, na wakati ule alikuwa amelishika.

Mwalimu aliwapanga wanafunzi wake mbele yangu. Wengine akawalaza kifudifudi kwenye mabua. Nikainua ungo, nikamimina ngano, makapi yakapeperuka, na kamera zikalia zote pamoja. Sikujua nitazame wapi. Niliangalia miguu yangu.

"Dada, mwaga tena," dereva akasema. "Mwalimu anataka uinue juu zaidi."

Nikamwaga tena, na tena, mpaka ngano ikabaki safi na hakuna kilichopeperuka. Mwalimu akatikisa kichwa, akaonyesha jua, akasema maneno mengi.

"Anasema urudishe makapi," dereva akasema.

"Arudishe wapi?" mama akauliza.

"Kwenye ngano, mama. Anasema jua sasa ndiyo limekaa vizuri, lakini makapi yamekwisha."

"Mwambie tumeshinda hapa tangu asubuhi tunayatoa!"

"Nikimwambia hivyo atasema yarudishwe haraka."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akachota makapi kwa mikono miwili, akayamimina kwenye ngano yetu safi huku akisema kwa lugha ya kwetu kwamba bora huyo mwalimu hana mke, maana angemrudishia hata maji machafu kwenye mtungi. Nikapepeta upya.

Kati ya wanafunzi wale kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakulala chini. Alikaa kwenye jiwe na kamera yake ya namna nyingine, nene kama sanduku dogo. Mwalimu alipoiona alimwambia jambo kwa sauti kubwa, na wenzake wakacheka. Dereva akatunong'oneza kwamba mwalimu amesema hiyo si kamera, ni mchezo wa watoto. Yule bibi aliniita kwa kidole, akanigeuza ubavu ili Dina aonekane, akapiga. Halafu akavuta karatasi kutoka ndani ya kamera, akaibana kwapani kidogo, akaibandua kama anavyobandua mtu ganda la ndizi.

Dina alikuwa mle. Alikuwa mweusi na mweupe, jicho moja limefumba, mkono sikioni.

"Ni yeye!" mama akapiga kelele. "Marsela, angalia sikio! Ni yeye mwenyewe!"

Yule bibi akanipa. Kisha akaanza kupekua mfuko wake, akitoa vitambaa, miwani, vidonge, na kile alichokitafuta hakukipata. Akainua mkono wake wa kushoto, akausugua kwa vidole vya mkono wa kulia, kwenda na kurudi, huku akiniangalia kwa bidii. Akaionyesha picha, akasugua tena. Honi ikalia. Mwalimu alikuwa ameshapanda gari.

"Anasema nini?" nikamuuliza dereva. Nadhani hilo ndilo swali pekee nililomuuliza siku ile.

"Anasema muipake. Muipake mara moja." Dereva mwenyewe alikuwa anakimbia. "Na mwaka kesho, mwezi kama huu, wanarudi. Atawaletea kubwa, ya rangi!"

Wakaondoka. Mama alikuwa bado ameikodolea macho ile picha.

"Amesema ipakwe," akasema.

"Ipakwe nini?"

"Mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza anapakwa nini?"

Akaingia ndani akaleta samli. Aliipaka picha kwa ncha ya kidole, kwa upole, kuanzia paji la uso, kama alivyompaka Dina mwenyewe siku alipotolewa nje. Picha ikang'aa. Tukaiweka juu ya kabati, na kila jirani aliyeingia alionyeshwa.

Mvua za vuli zilipoanza, surua ilipita Karatu. Ilianza kwa jirani, ikaja kwetu. Nilimbeba Dina mpaka zahanati, nikakuta akina mama wamejaa hadi nje kwenye nyasi. Baba yake, Yohani, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani. Barabara ilikuwa tope, ujumbe ukachelewa, na alipofika tulikuwa tumeshazika. Aliketi, akaomba apewe picha. Akaitazama muda mrefu.

"Mbona huku pembeni hakuna kitu?" akauliza.

Nikaichukua. Bega langu lilikuwa limepauka. Ungo ulikuwepo, ngano ilikuwepo, Dina alikuwepo, lakini upande wa juu ulikuwa kama umemwagikiwa maziwa. Nilidhani ni machozi yananidanganya. Baada ya wiki chache weupe ulikuwa umefika kwenye nywele za Dina.

Mama aliacha kuigusa. Siku moja aliniuliza bila kuniangalia, "Ni samli yangu?"

Nikaifunga picha kwenye kitambaa, nikaomba lifti kwenye lori la mbao, nikapanda hadi hotelini kumtafuta Hhando, mtoto wa mjomba wangu, aliyekuwa akitandika vitanda vya wageni. Nilimngoja nyuma ya jiko kwa sababu niliona haya kupita mbele.

Hhando aliigeuza huku na huku, akainusa.

"Hii inanuka samli."

"Tuliambiwa ipakwe."

Akacheka, halafu akaona uso wangu. "Marsela, hizi zina dawa yake. Nimewaona wageni wakizipaka vyumbani, inanuka kama siki. Isipopakwa siku ileile inajifuta yenyewe."

"Dawa hiyo iko wapi?"

"Wanakuja nayo wao. Wakiondoka wanaondoka nayo."

"Ikipakwa sasa?"

"Kilichokwisha kufutika hakirudi." Akanirudishia. "Lakini mbona unalia? Wale wengine hawakupiga?"

"Walipiga wote."

"Basi! Mtoto wako yuko kwenye nyumba za watu kumi huko kwao. Si walisema watarudi? Ngoja Julai. Na hii iweke gizani, usiipe mwanga."

Nilishuka nikiwa na nguvu kidogo. Mama nilimwambia, "Siyo samli. Ndivyo zilivyo hizi picha." Nikaiweka ndani ya kopo la chai, chini ya nguo. Mama alikuwa akiomba kuiona, nami nikawa namnyima. Aliniita mchoyo. Mara nyingine nilimwona amekaa karibu na sanduku la nguo, hafanyi chochote. Mimi nilikuwa nahesabu Julai.

Februari Hhando akaja nyumbani na begi lake. Alikuwa amepunguzwa kazi.

"Mpaka umefungwa," akasema. "Magari ya Nairobi hayavuki tena Namanga."

"Mpaka lini?"

"Hakuna anayejua."

"Lakini wale wanafunzi si watu wa Kenya. Watapitishwa."

"Dada, hata dereva wao hapiti."

Julai ile nilivuna ngano yangu, na sikuipepeta siku ile niliyomaliza kuipura. Niliiacha na makapi yake uwanjani mpaka ndege wakaizoea. Yalipita malori ya vitunguu kutoka Mang'ola, likapita Landrova la misheni. Mvua ilipotishia nikaipepeta mwenyewe.

Miaka ikaenda hivyo. Nilizaa watoto wengine wawili, nikawapenda, na hakuna kati yao aliyevuta sikio. Kopo nililifungua mara chache sana. Kila nilipolifungua alikuwa amepungua.

Mpaka ulipofunguliwa tena na magari yakarudi, kundi moja lilisimama kwetu wakati wa mavuno. Nilitafuta ndevu nyekundu kati yao. Mwalimu safari hii alikuwa mwanamke. Aliyewaongoza ni kijana wa Arusha aitwaye Sylvesta, mwenye miwani ya jua.

"Mama, shikamoo. Wanaomba upepete kidogo."

"Marahaba. Waulize kwanza," nikasema, na mama akageuka kunitazama, maana hakuzoea kunisikia nikisema na wageni. "Waulize kama wanamjua mwalimu mwenye ndevu nyekundu. Na bibi mwenye kamera ya kubandua. Walikuja sabini na sita."

Sylvesta alitabasamu. "Mama, huko kwao si Karatu. Ni kukubwa."

"Waulize tu."

Akawauliza. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikaingia ndani nikaleta kopo. Nilikuwa sijalifungua muda mrefu. Nilitoa karatasi nikampa Sylvesta. Akaigeuza, akatafuta upande wa pili.

"Ni nini hii?"

"Ni mtoto wangu."

Akavua miwani. Nikamweleza, naye akawaeleza. Yule mwalimu akaweka mkono kifuani. Bibi mmoja alifuta macho. Nikafikiri sasa watatafuta mifukoni, sasa mmoja atasema anajua pa kuuliza. Mwalimu akasogea, akatazama jua lilipo, akasema jambo kwa sauti ya chini. Sylvesta hakuniangalia alipotafsiri.

"Anaomba uishike mbele ya kifua. Uelekee huku, kwenye jua."

"Nikiishika watanisaidia kuwatafuta wale?"

Sylvesta hakulitafsiri hilo. Walikuwa wameshapiga magoti.

Nikaishika. Nyuma yangu mama akaja taratibu na fimbo yake, akainama, akaangalia ile karatasi nyeupe iliyokuwa na doa moja la samli lililogeuka njano, pale alipoanzia kupaka.

"Marsela," akasema, "umemgeuza kichwa chini."

Nikamweka sawa, paji la uso likawa juu. Kamera zikaanza kulia.