Unga wa Poni

Hakuna kilichomuuma Atong mwaka ule kama jina la Poni. Alilisikia asubuhi, akalisikia mchana, na kila mara lilitoka kinywani mwa Daktari Severino, mkuu wa maabara yao ndogo hapa Juba: Poni amepima, Poni ameona, muulizeni Poni. Na huyo Poni amekuja juzi tu kutoka Uganda alikolelewa! Atong alikuwa na miaka minne pale, tangu arudi kutoka Eldoret, enzi ambazo maabara haikuwa hata na tanuri la kukaushia. Wanasema wivu ni kidonda, ukikishiriki utakonda. Huyu hakukonda ng'o. Kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, aliila kama kawaida, roho ndiyo iliyokuwa ikiungua.

Walikuwa wakitafuta kathodi, yaani upande chanya wa betri ya kalsiamu inayochajiwa tena na tena. Kalsiamu ni nyingi ardhini kuliko lithiamu, ila ina ukaidi wake: chembe zake hujipenyeza ndani ya unga wa kathodi, zikakwama humo zisitoke. Kila mmoja alikuwa na unga wake wa madini ya vanadi. Atakayepata ulio bora ndiye angekwenda Kigali kuieleza kazi yao mbele ya wataalamu, na nafasi ilikuwa moja tu. Atong alishawatangazia nyumbani kwao, mtaa wa Lemon Gaba, kwamba anakwenda.

Ijumaa moja ya mvua, Poni alitoa unga wake kwenye tanuri, akaufunga ndani ya chupa, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Atong akabaki peke yake. Kila anayeshughulika na betri hizi anajua maji ni adui, ndiyo maana unga hukaushwa siku mbili kamili. Akaufungua mfuniko, akauacha wazi hadi Jumapili, hewa yote ya chumba imelowa. Kisha akaufunga kama ulivyokuwa. Alitaka Poni aanguke mara moja tu, basi. Kufungua chupa si kuiba, alijiambia. Shetani naye hakosi hoja.

Lakini Mungu si Athumani. Betri iliyotengenezwa kwa unga ule ilichajiwa mara mia tatu bila kuchoka. Daktari Severino akampa Poni safari, kwa sharti kwamba airudie kazi ile mara moja zaidi. Atong alipiga makofi pamoja na wenzake, akaenda chooni akalia kwa hasira.

Poni akarudia. Safari hii unga ulibaki mkavu, na betri ikafa kabla ya kufika ishirini. Akarudia tena, na tena. Minong'ono ikaanza kwamba zile takwimu alizipika, na Daktari akasema ikifika Ijumaa bila jibu atamwondoa maabara. Hapo ndipo Atong alipoelewa. Maji aliyoyaingiza kwa roho mbaya ndiyo yaliyoilainishia kalsiamu njia, ikawa inaingia na kutoka. Ajuaye hilo alikuwa yeye peke yake. Angeweza kuulowesha unga wake mwenyewe, akapanda ndege. Akaenda hata kuutoa kabatini.

Alhamisi Poni akamfuata na daftari, macho yamevimba. Akamwomba amwangalizie kazi yake hatua kwa hatua, kwa maana hakuna mtu pale aliyelijua lile tanuri kama dada Atong. Hakumshuku hata chembe. Hilo ndilo lililomshinda Atong. Chuki angeiweza, heshima hakuiweza.

"Hukukosea kitu, Poni," akasema. "Unga ule wa kwanza niliufungua mimi, ukaingia maji. Nilitaka uaibike."

Atong akangoja kofi, akangoja matusi, na lolote kati ya hayo angelipokea kwa shukrani.

"Hayo utamwambia Daktari mwenyewe," Poni akasema, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu. "Lakini kwanza niambie, dada. Uliupima uzito? Maji yaliingia kiasi gani?"

Atong hakuwa ameupima. Wiki nzima alilala na siri ile, akaiwazia ndege, akaiwazia aibu, na swali hilo halikumjia hata siku moja. Akamtazama Poni aliyekuwa akingoja na kalamu yake, akamwonea wivu kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza alijua kwa nini.