Mikanda Minne kwenye Bomba Moja

Nilipigiwa makofi, jamani. Makofi ya watu wazima, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, mimi na simu yangu iliyopasuka kioo. Nawaambieni mapema ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Kampuni yetu haichimbi mafuta. Wanaochimba wanatuletea mabomba yaliyochakaa visimani, sisi tunayasafisha na kukereza upya zile nyuzi za mwishoni, ambazo kwazo bomba moja hujifunga kwa lingine. Likishapita ukaguzi, fundi anachukua brashi, analizungushia mkanda mweupe wa rangi na kuandika namba ya zamu pembeni. Rangi hiyo haitoki hata bomba likisafishwa. Mkanda mmoja, alama moja kwenye daftari. Basi.

Zamu ni mbili. Ya asubuhi ilikuwa ya mjomba wangu, aliyenilea toka niko darasa la pili, na ndiye aliyeniombea kazi pale ya kuandika vibali getini. Ya mchana ni ya fundi mmoja wanamwita Chapchap, na jina limemkaa.

Sasa meneja akataka kujua: miaka sita hii, kutengeneza bomba moja kunatugharimu kiasi gani, na kunapanda au kunashuka? Mhasibu alikuwa likizo. Nikanyoosha mkono mimi, maana grafu nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Nikapiga picha madaftari yote, nikahesabu alama moja moja mpaka macho yakaniwasha, nikachukua matumizi ya kila zamu, visu vya mashine, umeme, mishahara, nikagawa. Mstari wa Chapchap ukashuka kama mtoto anayeteleza mteremkoni. Wa mjomba ukapanda. Kila mwaka unapanda!

Ijumaa nikauonyesha kwenye skrini kubwa. Sikusita hata kidogo, nikasema zamu ya asubuhi ndiyo inayotutafuna. Mjomba alikuwa safu ya nyuma na ovaroli lake. Chapchap akauliza kama mzee anatengeneza mabomba au anayanyonyesha. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Meneja akaamua hapo hapo: kuanzia Jumatatu Chapchap asimamie zamu zote, mjomba akagawe glavu stoo. Miaka ishirini na mitatu kwenye mashine, halafu glavu. Mimi nikaahidiwa meza ofisini. Kilemba cha ukoka hicho, nikakivaa na kujitazama kwenye kamera ya simu.

Nyumbani mjomba hakugomba. Alinawa mikono muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulihesabu nini?"

"Alama, mjomba. Mkanda mmoja, bomba moja."

"Jumatatu ukifika, pita yadi nyuma ya kreni. Angalia mabomba ya mchana."

Nikamuuliza kwa nini asiseme tu. Akasema akisema yeye, wataona analilia kiti.

Jumatatu nikaenda. Bomba la kwanza lina mikanda minne. La pili mitatu. Nikazunguka rundo zima. Kumbe mabomba ya Chapchap yanapitishwa chapchap, yanakwenda kisimani, yanavuja, yanarudi kwake, yanakerezwa tena, yanapakwa mkanda mwingine. Bomba lile lile, mimi nimelihesabu mara nne! Ya mjomba yalikuwa machache, mkanda mmoja mmoja, rangi imefubaa. Yakitoka kwake hayarudi mpaka yazeeke. Bei ya visu imepanda miaka yote, ndiyo maana mstari wake ulipanda. Zamu yake ndiyo iliyokuwa ikisema kweli.

Nikapiga picha lile la mikanda minne. Jioni mjomba akaniuliza kama nilipita. Nikamwambia kazi zilinibana.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikapewa meza, ina droo inayofungwa kwa ufunguo, na nikaendelea kunyamaza. Mchana nikapita stoo, nikamkuta Chapchap na vijana wake kwenye foleni. "Shikamoo Bibi Glavu," alimwambia mjomba, "nipe saizi ya wanaume." Mjomba akautazama mkono wake, akampa jozi inayomtosha, akaitikia marahaba. Halafu akainua macho akaniona mlangoni. Nikainamia simu, nikajifanya nasoma ujumbe. Hakukuwa na ujumbe. Simu ilikuwa imeisha chaji.

Alhamisi wakaja wakubwa kutoka makao makuu. Meneja akaniita niwaonyeshe grafu yangu, akaniita hazina ya kampuni. Mama mmoja wa miwani akautazama mstari wa mjomba, akasema basi mashine ya asubuhi ifungwe kabisa na yule fundi mzee alipwe chake aende nyumbani. Meneja akaanza kuandika.

"Samahani," nikasema. "Grafu hii ni ya mikanda. Siyo ya mabomba."

Wakanigeukia wote. Nikaeleza, nikawawekea ile picha kwenye skrini. Sasa picha za simu yangu zinajiandika tarehe zenyewe. Yule mama akaisoma kwa sauti, pole pole.

"Jumatatu. Kwa hiyo umelijua hili kwa siku tatu?"

"Ndiyo, mama."

Hakuna aliyepiga makofi. Wakakaa wakapiga hesabu upya, wakaondoa marudio, na bomba moja la Chapchap likatoka karibu mara mbili ya gharama ya la mjomba. Grafu ikafutwa. Meneja, bila kuniangalia, akanituma nikamwambie fundi arudi kwenye mashine yake.

Nilimkuta mjomba anafunga glavu jozi jozi kwa kamba. Nikampa ujumbe. Nilitamani afurahi, jamani, nilitamani hata anitukane.

"Yadi ulikwenda lini?" akauliza.

"Jumatatu, mjomba."

"Jumatatu uliniambia kazi zilikubana."

Akamaliza fundo lake, akavuta ovaroli lililokuwa limetundikwa msumarini, akalivaa taratibu. Kisha akanikabidhi funguo za stoo.

"Watu wanakuja saa nane. Usimuulize mtu saizi, mtazame mkono."

Akaondoka. Nikabaki na mafurushi ya glavu. Saa nane wa kwanza akafika, akanyoosha mkono juu ya kaunta akisubiri, na mimi nimeinamia sakafu, nashindwa kuutazama.