Komeo la Nje

Ko.

Komeo la mti mkavu liliangukia mti mkavu, na mchoraji ramani za nyumba akabaki gizani. Akausukuma mlango. Haukutikisika.

Kutoka nje seremala alicheka bila haraka. "Karibu ghalani, bosi. Nilikwambia, mahindi hayabishi hodi yatoke."

Kweli alimwambia. Shangazi yake mchoraji alipompa ghala kuukuu la babu alijenge upya liwe nyumba ya wageni, kijana alilipima siku tatu, akaapa hatabadilisha hata unywele. Akachora vyumba sita: kuta nene, matundu ya hewa upana wa kiganja, na kwa nje komeo zito linalojiangukia mlango ukifungwa. Seremala alipouliza kwa nini komeo liwe nje, alijibiwa kwamba randa ishughulike na mbao, kufikiri kuachiwe kalamu. Basi fundi akatengeneza vilevile, hakuongeza wala hakupunguza.

Alipofunguliwa, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Jasho lilimtoka, kiburi hakikumtoka. Alisema atabandika kibao: mgeni asifunge mlango. Wageni wenyewe walitarajiwa alasiri hiyohiyo.

Ko.

Safari hii mwisho wa ukumbi, chumba cha sita, ambako shangazi alikuwa akitandika mashuka. Walisubiri apige kelele, wamtanie kidogo. Kimya. Hakugonga, hakuita. Kicheko cha seremala kilikatika.

Mchoraji alikimbia. Komeo lilikuwa limebana. Alilichagulia mwenyewe mti mgumu kuliko yote. Ilibidi seremala aligonge kwa nyundo mara nne ndipo likanyanyuka.

Shangazi alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, shuka kifuani, kiganja chake mwenyewe kikiwa kimeziba mdomo. Alitazama mlango kama mtu ambaye hakuamini kwamba umefunguka.

Polepole alieleza jambo ambalo mpwa wake hakuwahi kuambiwa. Utotoni alijificha ghalani na mdogo wake, wakicheza. Komeo likaanguka. Watu wote walikuwa shambani. Walilia mpaka sauti zikakauka, kisha mdogo wake akasema analala kidogo. Ghala lilipofunguliwa, alitoka mmoja kwa miguu yake.

"Nilitaka libomolewe, lisahaulike," alisema. "Ukaniambia, shangazi niachie, nitalifanya zuri. Nikakuamini, mwanangu."

Upepo uliingia ukumbini. Mlango mmoja ukajibamiza. Ko. Wa pili ukafuata. Ko. Na huko langoni gari lilipiga honi: wageni wamefika, na sauti za watoto zilikuwa tayari zinashindania vyumba.

Mchoraji akachukua nyundo mkononi mwa seremala, akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Nayang'oa makomeo yote sita sasa hivi, shangazi, na wageni wakiona waone. Mpaka la mwisho litoke, nakuahidi, hakuna mtoto atakayevuka kizingiti hiki."