Saa Isiyovuka Mpaka

Ukitaka kumkasirisha Venanti, usimtukane. Wewe mwulize tu saa ngapi.

Mwaka mzima watu wa kijiji chake, kule Kibondo chini ya milima ya mpakani, hawakuwa na mzaha mwingine. Akipita kisimani: "Mzee Venanti, ni saa ngapi huko Burundi?" Akifika gengeni kununua chumvi: "Baba, Burundi kumekucha?" Naye alicheka nao, maana mtu mzima hanuni njiani, lakini akirudi nyumbani ugali aliuacha sahanini. Jamani, kuna mzaha na kuna mwiba! Venanti alivuka milima ile akiwa mgongoni kwa mama yake. Wazazi wake wote wawili amewazika katika udongo huu. Karatasi yake ya uraia iko sandukuni, imefungwa kwa nailoni juu ya nailoni ili mchwa wasiifikie. Halafu kisimu tu kimrudishe alikotoka?

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mahindi yakikomaa bondeni, nguruwe pori hushuka kutoka mlimani na kuyafyeka, na kila mwaka ofisi ya wanyamapori hutoa kibali cha msako wa siku moja. Siku moja, basi, ukikosa umekosa. Wenye mbwa hupanda kileleni, wenye nyavu hujificha korongoni upande wa chini, na hawaonani. Hakuna kuitana wala kupiga mluzi, kwa kuwa nguruwe pori husikia hata unachowaza. Wanapatana saa tu. Saa ikifika mbwa wanafunguliwa, njuga zinalia shingoni mwao, na nguruwe wanateremka moja kwa moja nyavuni. Hapo ndipo kiongozi hupuliza pembe, na pembe hiyo ilikuwa ya Venanti tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Mwaka jana walipatana saa mbili asubuhi. Venanti akapanda na mbwa, akatazama simu, akaona bado, akangoja. Kumbe pale kileleni simu ilikuwa imedaka mtandao wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja! Alipowafungua mbwa, korongoni ilikuwa saa tatu. Watu walikwisha kukunja nyavu, wanakunywa uji. Nguruwe walipita katikati ya vikombe, wakaingia shambani, na mwaka ule bonde zima lilivuna mabua. Kijiji kikamvua Venanti pembe, kikamvika Marselino, kaka yake Dorcas, mke wa Venanti. Shemeji, fikiria! Mtu unayekula naye sahani moja kila Jumapili.

"Nunua saa," Dorcas alimwambia mahindi yalipoanza tena kutoa ndevu. "Saa ya kweli. Na iwe hiyo hiyo ya porini na ya kanisani. Sitaki kusikia una saa ya nguruwe na saa ya Mungu."

Venanti akapanda basi kwenda Kasulu, na Marselino naye akapanda. "Kiongozi bila saa ni kiongozi gani?" alisema, akakaa upande wa dirisha.

Sokoni Kasulu kulikuwa na fundi saa mmoja, Ridhiwani, mtu wa Ujiji, mwenye mdomo usiopumzika kama cherehani ya msimu wa sikukuu. "Karibuni wazee wangu! Zipo za harusi, zipo za ofisini, zipo za kutishia wakwe!"

"Nataka ya kuwindia," Venanti alisema. "Na ya kuvaa kila siku."

Ridhiwani akaanza na ya rangi ya dhahabu. "Hii ukiingia nayo kanisani, mchungaji anasahau mahubiri." Venanti akaitoa juani na kuigeuza, na mwanga ukakimbia ukutani mpaka kwa wauza vitenge. "Nguruwe ataiona akiwa Kakonko," akasema, akairudisha. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, yenye vitufe pembeni. Ghafla ikalia: pii! "Inakukumbusha kila saa, mzee." "Nami nimejibanza kichakani? Asante, wakumbushe wengine." Ya tatu ilikuwa na mkanda wa ngozi laini. Venanti akaivaa, akaomba beseni la maji, akaanza kukunja mkono wa shati.

"Mzee, mzee! Hiyo haiogi!" Ridhiwani alimdaka kiwiko.

"Mimi naoga na mvua msimu mzima. Haiogi, itanifuata wapi?"

Hapo watu wakaanza kukusanyika. Venanti hakuwajali. Kila saa aliyopewa aliivaa, akachuchumaa katikati ya njia, akavuta mkono kama anayekokotwa na mbwa, akaiweka sikioni asikie kama inapiga kelele. Mama mmoja muuza dagaa akauliza kama mzee ana degedege. Aliyeumwa na nyoka, mama, akiona ung'ongo hushtuka.

Marselino wakati huo alikwisha kupata mchumba. Saa yake ilikuwa kioo kitupu, cheusi, ukiigusa inawaka rangi saba. "Inahesabu mapigo ya moyo," Ridhiwani aliimba, "inaongea na simu yako, na saa inajirekebisha yenyewe, wewe huna kazi ya kugusa!"

Venanti akageuka kama aliyeitwa jina. "Inajirekebisha kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata simu, mzee wangu."

Akamvuta Marselino kando. "Shemeji, iache hiyo. Kule kileleni itakufanya kama nilivyofanywa mimi."

Marselino alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. "Yako ilikuwa simu, tena kisimu cha kuungaunga. Hii ni saa! Saa iko mkononi, simu iko mfukoni, vitaonana wapi? Tena wewe, kati ya watu wote, ndiye wa kunifundisha habari za saa?" Alilisema hilo kwa sauti, na waliokusanyika wakacheka bila kujua wanachocheka. Venanti akamwacha, akarudi kwa fundi. Iliuma, nakwambia, iliuma sana.

Ndipo akaiona, chini kabisa ya sanduku la kioo. Ya kijivu, isiyong'aa, yenye tarakimu kubwa, mishale minene na mkanda wa turubai.

"Hii inafanya nini?"

"Hiyo?" Ridhiwani aliona aibu kidogo. "Haifanyi kitu, mzee. Inaonyesha saa tu."

"Inaongea na simu?"

"Haiongei na mtu."

"Nikivuka nayo mpaka?"

"Hata ukivuka nayo bahari, itakwambia saa ya Kasulu mpaka uigeuze kwa mkono wako mwenyewe."

Venanti akaiogesha, akaivuta, akaiweka sikioni. Ilikuwa inanong'ona tu. Ridhiwani akatafuta karatasi ya kuifungia. "Usiifunge," Venanti alisema. "Naondoka nayo mkononi."

Dorcas alipoiona alisema ina sura ya sufuria. Lakini haikupita wiki akawa anamwita mumewe jikoni amwambie maharage yamekaa motoni muda gani, na Jumapili alimfinya paja aangalie kama mahubiri yamezidi. Saa ililima mihogo, ikaosha mbwa, ikanyeshewa, ikabatiza wajukuu. Haikubakia nyuma hata mara moja. Ila mzaha haukuisha. "Baba, hiyo nayo ni ya Bujumbura?"

Siku ya msako ikafika na ukungu wake. Marselino alisimama mbele ya watu, pembe shingoni, kioo cheusi mkononi. "Shemeji yangu atakaa nyavuni," alitangaza. "Huko hakuna mtandao wa kumpoteza." Watu wakaangua kicheko. Wa nyavuni wakaweka simu zao kikapuni, zibaki kijijini, kwa sababu mwaka juzi moja iliimba kwaya katikati ya msako. Venanti akasogeza mkono wake kando ya ule wa Marselino. Saa zote mbili zilikubaliana.

"Shemeji, ukifika kule juu, angalia sana hiyo..."

"Saa mbili kamili!" Marselino alimkata, akaondoka na mbwa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Korongoni walitandaza nyavu, wakalala nyuma yake kwenye majani mabichi. Saa mbili ikafika. Kimya. Mvua nyembamba ikaanza, siafu nao wakaanza kazi yao. Mzee Ntirampeba, aliyeshika kamba ya pili, akanong'ona, "Venanti, saa yako inasemaje?"

"Imepita."

"Basi wamelala huko. Na mimi sifi kwa siafu." Akaanza kulegeza kamba, na wa tatu naye akainuka.

Venanti alitazama ile mishale minene. Alijua! Alimwona Marselino kule juu kwenye ukungu kana kwamba amesimama mbele yake: anapuliza viganja, anawatuliza mbwa, anatazama kioo chake na kusema bado, bado kidogo. Nani angemjua mtu yule kuliko Venanti, ambaye ndiye aliyekuwa mtu yule? Na kusema kweli, shetani alimkonyeza. Waache wakunje nyavu. Nguruwe wapite, na kesho kijiji kizima kimwulize Marselino saa za Burundi. Lo, ingekuwa tamu! Lakini bondeni kulikuwa na mahindi ya Dorcas, na ya Ntirampeba, na ya kila aliyemcheka, na watoto wao walikuwa wale wale waliokula mihogo mitupu mwaka mzima.

"Kaeni," alisema kwa sauti ya chini. "Watakuja saa tatu kamili."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mwaka jana mimi nilikuja saa tatu kamili."

Mtu mmoja alijiziba mdomo kwa kofia yake. Ntirampeba akamkodolea macho. "Na wasipokuja?"

"Wasipokuja, mniulize saa za Burundi mpaka kaburini."

Hilo lilikuwa neno zito, wakalala tena. Hakuna saa ndefu kama saa ya siafu. Venanti hakujikuna. Jicho lake lilikuwa kwenye mshale, na mshale haukuwa na haraka wala wasiwasi. Ulipokaribia juu akainua mkono. "Kamateni kamba." Watu wakakamata. Akashusha mkono.

Njuga!

Mlima mzima ulilia njuga. Mbwa wakabweka, vichaka vikapasuka, nguruwe wakateremka kundi zima, weusi, wenye hasira, wakaja kama waliotumwa, wakaingia nyavuni mmoja juu ya mwingine. "Vuta!" Venanti alipiga ukelele, na wazee kwa vijana wakavuta, wakaanguka, wakainuka, mikuki ikafanya kazi yake. Ntirampeba alikuwa amekaa matopeni akicheka na kulia kwa pamoja. "Mana yanje, Mungu wangu! Hakuna aliyepita! Hakuna hata mmoja!"

Marselino akatokea na mbwa, anahema, kifua mbele. "Saa mbili kamili!" alisema. "Mmeona? Kiongozi ni kiongozi!"

Walitazamana. Kisha kicheko kilichotoka korongoni siku ile, hata nguruwe waliokufa walikisikia. Ntirampeba akaushika mkono wa Venanti, akaupeleka mpaka puani kwa Marselino. Marselino akatazama mishale, akatazama kioo chake, akatazama kilele alikotoka. Nyavu akaziona zimejaa, na akaelewa ni nani aliyezishikilia zisikunjwe. Akaivua pembe shingoni mwake na kumvika Venanti.

Venanti aliipuliza. Aliipuliza kwa pumzi ya mwaka mzima, na kutoka mashambani vigelegele vikamjibu, cha Dorcas kikiwa juu ya vyote.

Marselino alikuwa bado amesimama, anaifungua ile saa ya kioo mkononi. Akaitia mfukoni pamoja na simu yake. "Shemeji," akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka, "kwetu hapa ni saa ngapi?"

Venanti alikuwa anajua. Hata hivyo alikunja mkono wa shati taratibu, akafuta matope kwenye kioo kwa kidole gumba, akatazama.

"Kwetu," akasema, "ni saa tatu na robo."