Namba Arobaini na Mbili

Mwalimu wa hesabu alikuwa na miaka sita ndani ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo baba mkwe wake hakuwahi kumwita popote ila msibani. Kwa hiyo mzee alipompigia simu siku ya Jumatano, wakati wanafunzi wako mapumzikoni, akamwambia, "Mkwe, mwisho wa mwezi napanda mlimani kuwinda, tutakwenda wote," mwalimu aliitikia kabla hajajua ameitikia nini.

Mkewe alifurahi kuliko yeye. "Baba hamwiti mtu bure," alisema. "Nenda. Ukirudi mtakuwa watu wengine."

Mzee huyo watu walimwita Nyundo. Alikuwa msimamizi wa machimbo ya mawe kwa miaka thelathini, na jina lilimkaa kwa sababu alijua kugonga mahali pamoja, taratibu, mpaka kitu kipasuke. Kwa mkwewe aligonga penye suala la mtoto, ambaye alikuwa hajapatikana. Kila akija kuwatembelea aliangalia huku na huku sebuleni, kisha akauliza, "Mbona nyumba kimya hivi?" Mke wa mwalimu alikuwa akiinuka kwenda jikoni, na mwalimu akawa anahesabu vigae vya sakafu.

Jumamosi mwalimu na mzee walikwenda dukani kutafuta viatu. Muuza viatu alikuwa mama wa makamo, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kwenye kona ya duka alikuwa ameegemeza ubao mpana kwenye boksi, ukawa kama kilima kidogo.

"Vua hizo soksi za harusini," alimwambia mwalimu. "Vaa hizi nene, maana ndizo utakazovaa huko." Alimpima miguu yote miwili, wa kulia kisha wa kushoto. "Arobaini na tatu, na unyayo wako mpana. Wa kushoto umezidi kidogo, tuufuate huo."

Akamletea viatu vya rangi ya udongo, virefu mpaka juu ya kifundo, soli yake imeshonwa, wala haikubandikwa kwa gundi tu. Havikuwa na urembo wowote. Mwalimu alifunga kamba, akapanda ubao, akateremka.

"Vidole vinagonga mbele?"

"Havigongi."

"Kisigino kinachomoka?"

"Hapana."

"Basi umepata. Kiatu cha mlimani hakipimwi kwa kupanda, kinapimwa kwa kushuka. Vivae nyumbani wiki mbili vikuzoee."

Nyundo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Hivyo ni vya kulimia," alisema. "Mpe vile vyeusi vya juu. Namba arobaini na mbili."

"Mzee, vile ni vyembamba. Vitamtafuna."

"Ngozi hutanuka."

Mwalimu alivaa vile vyeusi. Vilikuwa vinang'aa, na vidole vyake vilijikunja ndani kama watu waliobanana chini ya mwavuli mmoja. Alipoteremka ubao, ukucha wa kidole gumba uligonga mbele, macho yakamtoka maji kidogo. Muuza viatu aliona. Hakumwangalia mzee tena, alimwangalia yeye.

"Mwenye mguu anasemaje?"

Mwalimu alimtazama baba mkwe wake. Mzee alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile hakuwahi kulipata kwake hata siku moja.

"Vinafaa," alisema. "Baba anajua."

Mama yule alivitia vile vyeusi boksini, akapokea fedha.

Mwisho wa mwezi ulipofika walianza kupanda alfajiri, baada ya kuandikisha majina na bunduki kwenye kituo cha askari wa misitu. Saa moja ya kwanza mwalimu alijipa moyo. Saa ya pili visigino vilichubuka. Saa ya tatu soksi zilikuwa na majimaji, naye alijua si jasho. Nyundo alitangulia, viatu vyake vya zamani vimepakwa mafuta mpaka vimekuwa laini kama mkoba, hakugeuka nyuma ila kucheka.

"Miguu laini, mwalimu! Sasa naanza kuelewa kwa nini binti yangu hana mtoto."

Karibu na adhuhuri walimwona paa, dume, amesimama ukingoni mwa mwamba kama aliyetundikwa. Nyundo alipiga goti, akalenga. Mwalimu alitaka kusimama kimya, lakini mguu wa kushoto ulikataa kumbeba. Aliburuta kisigino, jiwe likaviringika, na paa akatoweka.

Mzee aliteremsha bunduki. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, akafungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga.

"Unajua mimi navaa namba ngapi?" aliuliza. "Arobaini na tatu. Kama wewe. Nilijua vitakutafuna tangu pale dukani."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. "Sasa kwa nini, baba?"

"Nilitaka kuona kama utakataa. Hata yule mama alikuuliza, mwenye mguu anasemaje. Ukasema baba anajua." Alitema mate pembeni. "Mwanamume asiyeweza kukikataa kiatu, binti yangu anamtegemea kwa lipi? Nikishuka namchukua mwanangu. Bado ana umri wa kuolewa na mtu."

Aliinuka, akajitupia bunduki begani, akashika mteremko wa mawe kwa hatua ndefu za mtu aliyemaliza kazi. Alikuwa ametembea juu ya mawe maisha yake yote, labda ndiyo maana hakuyatazama. Jiwe moja bapa liliteleza chini ya mguu wake, likavuta na mengine. Mwalimu aliona mikono inapaa, akasikia kitu kinavunjika kama kijiti kikavu.

Alipomfikia, Nyundo alikuwa amelala kiubavu, uso umekuwa wa majivu, mguu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

"Shuka," mzee alisema kwa meno yaliyofungwa. "Kimbia kituoni. Ukungu unakuja."

Ilikuwa saa saba mchana. Mtu mwenye miguu mizima angefika kituoni saa tisa. Mwalimu alimfunika mzee kwa blanketi, akamwekea maji. Alifanya yote hayo vizuri, kama anavyofanya mtu asiyetaka kulaumiwa. Kisha akapiga magoti miguuni pa mzee, akaanza kufungua kamba.

"Unafanya nini?"

"Siwezi kushuka na hivi, baba. Umeona mwenyewe."

"Usiuvue wa kulia! Kiatu ndicho kinachoushika mfupa!"

Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa ndiye mwalimu wa huduma ya kwanza pale shuleni, kila mwaka aliwafundisha watoto kwamba mguu uliovunjika hauvuliwi kiatu. Alishika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, akavuta. Sauti iliyomtoka mzee haikuwa ya mtu aliyewahi kuitwa Nyundo.

Alivua vyake vyeusi, akaviweka jirani na blanketi, vimekaa sawa kama vya msikitini.

"Vivae baadaye," alisema. "Ngozi hutanuka."

Viatu vya mzee vilimkaa kana kwamba vilishonwa kwa ajili yake. Joto la mwenyewe lilikuwa bado ndani. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alikanyaga bila kukunja uso, na akaona, kwa mshangao, kwamba mlima ule ulikuwa mzuri.

Kwenye kijito alisimama. Alijiambia ni kidogo tu, apoze malengelenge. Alitia miguu majini, maji yakawa mekundu, kisha yakawa meupe, naye bado amekaa. Alifikiri juu ya sebule yake na vigae vyake. Ukungu ulipita juu yake ukipanda, pole pole, kuelekea kule alikotoka. Aliutazama mpaka ukamaliza kupita.

Alifika kituoni saa kumi na nusu.

"Ungefika saa kumi tungepanda leo," askari wa misitu alimwambia, akionyesha nje kwa kidole. "Sasa kule juu hata mkono wako huuoni. Nikipeleka watu nitarudi na maiti mbili badala ya moja. Alivunjika saa ngapi?"

"Saa nane na nusu," alisema mwalimu.

Walimkuta mzee kesho yake asubuhi, yu hai. Baridi ilikuwa imemaliza kazi ambayo mfupa uliianza. Hospitali walimkata mguu wa kulia chini ya goti, na vidole viwili vya wa kushoto. Kwa kuwa alikuwa mjane, binti yake akamleta nyumbani, akampa chumba cha nyuma.

Mwalimu aliingoja siku mzee atakaposema. Mzee hakusema. Labda aliona haya kueleza alivyovuliwa viatu, kwa maana angelazimika kuanzia dukani. Au aliogopa, kwani mchana binti alikuwa kazini, na aliyebaki nyumbani wakati wa likizo ni mwalimu. "Mkwe, naomba maji," alikuwa akisema, kwa sauti ndogo, na mwalimu alikuwa akimletea. Alikitua kikombe kwenye meza ya dirishani, hatua moja kutoka kitandani, akatoka.

Siku moja mkewe alirudi mapema. Alimkuta baba yake amejinyoosha nusu nje ya kitanda, mkono ameunyoosha kuelekea kikombe cha dirishani, na mumewe amesimama mlangoni anatazama.

Hakupiga kelele. Alimlaza baba yake, akamnywesha, akamfuta kidevu. Kisha akamfuata mumewe sebuleni.

"Yule askari nilimpigia simu," alisema. "Nilitaka kumshukuru. Akaniambia aliukuta mguu uliovunjika ukiwa mtupu. Akaniambia wewe ulishuka umevaa viatu vya zamani vilivyopakwa mafuta, na baba alikuwa na vyeusi vipya pembeni yake." Alisubiri. "Kutoka pale mpaka kituoni ulitembea saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na baba aliumia saa ngapi? Saa yake ya mkononi ilipasuka pale pale, imesimama kwenye saa saba."

Mwalimu wa hesabu aliinamia vigae vya sakafu, akaanza kuvihesabu.

"Kesho nampeleka kwa dada," alisema mkewe. "Na mimi nitakaa huko huko."

"Mpaka lini?"

Alikuwa tayari ameshaingia chumbani. Mwalimu alimsikia akishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akalifungua, akaanza kukunja nguo, yake moja, ya baba yake moja.