Harufu Ndani ya Pampu

Pampu ya mafuta ilikuwa imefunguka mikononi mwangu, na polisi alisimama mlangoni mwa gereji akimsubiri Luhende.

Luhende, dereva wa Bwana Ngollo, alikaa juu ya tairi bovu akitazama miguu yake. Kila walipotoka Puge kwa mama mzazi wa Bwana Ngollo, ile motokaa ya fahari iliyoachwa Tabora na Mwingereza wa reli ilizimika njiani. Pampu ilikufa, nikafunga nyingine, nayo ikafa. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, na neno hujuma lilikuwa jepesi midomoni mwa watu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bwana Ngollo aliniambia. "Dereva wangu anatia sukari kwenye petroli."

Nilimwamini. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai ya mke wangu nainusa kwanza. Na Luhende alikuwa kimya mno.

Nikakwangua uchafu uliogandisha vali. Ulikuwa laini, ukanishika kucha. Nikaunusa: chini ya petroli kulikuwa na harufu ya mzinga wa nyuki.

Nikaingia uvunguni mwa gari. Tangi lilikuwa na tundu, limezibwa kwa nta na kukandamizwa kwa kidole gumba, kama mama zetu wanavyoziba mtungi uliopata ufa. Petroli iliilainisha nta kidogo kidogo na kuipeleka kwenye pampu.

"Nani kaziba?" nilimnong'oneza Luhende.

"Fundi, acha."

"Watakufunga, wewe!"

"Mama yake aliona gari linavuja, akalihurumia. Kila tukienda anaongeza. Sasa nisimame mbele za watu niseme mama wa bwana ndiye mhujumu?"

Niliona haya kwa yote niliyomdhania.

Bwana Ngollo alipofika, nilimpa donge nililolitoa kwenye pampu, bila neno. Alilinusa mara moja tu. Akalifunga kwenye leso, akalitia mfukoni.

"Afande, nenda zako," alisema. "Na wewe fundi, tafuta tangi lisilo na tundu."

Luhende hakuombwa radhi. Jumapili akarudi kwenye usukani, na shikamoo yake ileile. Nilifurahi, wallahi. Lakini hadi leo sijampa Bwana Ngollo mkono kwa moyo mweupe, maana habari ya tundu hakuna aliyekuwa amemwambia.