Vitabu Vilivyokuwa kwa Mjalidi

Sanduku lilifika Jumanne, siku ambayo gari la vyuo hupita. Dereva alilibeba kwa mikono miwili, na kabla ya kulitua mezani alilifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, maana alijua mwenye meza hapendi vumbi.

"Mama Kadi, mzigo kutoka kwa pacha wako," alisema. "Ameniapisha nisiupindue. Nimeendesha kama nimebeba mayai."

"Kuna nini ndani?"

"Mimi dereva, mama. Ya ndani nawaachia wenye miwani."

Mama Kadi alikuwa mkutubi wa chuo cha juu, mwaka wa thelathini na moja sasa. Jina hilo walimpa zamani, maktaba ilipokuwa bado na kabati la kadi, na karibu kadi zote ameziandika yeye kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Alikata kamba, akafungua. Alikuta kitambaa cha bluu cha kujalidia vitabu, kimekunjwa vizuri. Chini yake vibunda vinne vya uzi uliopakwa nta, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sponji zisije zikamchoma mtu, na kopo la gundi lililofungwa kwa mifuko miwili lisivuje. Pembeni kulikuwa na karatasi.

"Pacha," iliandikwa, "naona mjalidi wenu amezidiwa. Kwenye mfumo naona vitabu mia nne na kumi na viwili viko kwake, na huu mwaka wa pili! Maskini, sijui hata chai anakunywa saa ngapi. Sisi tuna vifaa vilivyobaki, nimemwomba mkuu wetu, amekubali. Vitumieni. Na kama mikono haitoshi, Jumamosi niko huru, nitakuja kushona. Bado najua kushona, usicheke."

Mama Kadi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa.

Mjalidi, fundi wa kushona na kuvalisha vitabu, hakuwepo. Yule mzee wao alistaafu miaka sita iliyopita na nafasi yake haikujazwa, ingawa Pacha alidhani imejazwa. Na vile vitabu mia nne na kumi na viwili vilikuwa hapo hapo nyuma ya mgongo wake, rafuni, vizima, vimepangwa vizuri. Havikuwa vimeondoka hata hatua moja.

Ilikuwa hivi. Chuo cha juu na chuo cha chini vinatazamana, vimetengwa na barabara moja yenye matuta mawili, na tangu vijengwe havijawahi kupikika chungu kimoja. Wa juu waliwaita wa chini "wapangaji", kwa kuwa jengo lao lilianza kama ghala la watu. Wa chini waliwaita wa juu "mabwana ngazi", maana ukifika ofisini kwao umeshahema mpaka shida iliyokuleta umeisahau. Walinyang'anyana wanafunzi, walimu, hata kombe la mpira wa pete.

Wakutubi wao tu ndio walipatana. Walisomea kazi darasa moja, dawati moja, mwavuli mmoja. Wenzao wakawaita mapacha, kwa kejeli, kwa kuwa mmoja alikuwa mrefu kama ngazi ya maktaba na mwingine mfupi mnene. Kejeli ikawa jina. Mama Kadi alipojifungua mtoto wake wa kwanza, aliyempokea mtoto yule alikuwa mama yake Pacha, mkunga. Na wiki sita zilizofuata Pacha alivuka barabara kila mchana, akakaa kwenye meza ya mwenzake na kumwandikia kadi zake zisirundikane. Aliuiga mwandiko wake mpaka leo Mama Kadi mwenyewe hajui kadi ipi ni ya nani. Hakuwahi kulitaja tena jambo hilo.

Kisha ukaja mfumo wa pamoja. Vyuo vitano, hivyo viwili na vitatu vya mjini, vilikubaliana kuwa na kompyuta moja kubwa ya kuvihudumia vyote. Msomaji wa chuo chochote angetafuta kitabu popote, akakiomba, na gari la Jumanne likampelekea. Fundi wa mfumo, mtu mzima mwenye upara na subira nyingi, alizunguka chuo hadi chuo akiwafundisha wakutubi. Walimwita Nywila, yaani neno la siri, kwa sababu kila sentensi yake iliishia hapo: "Na tafadhali, nywila yako usimpe mtu."

Pacha aliingiza kila kitu cha chuo cha chini, hata ramani chakavu na magazeti yaliyoliwa na mchwa. Kule chuo cha juu, mkuu wa chuo alimwita Mama Kadi ofisini, akamkaribisha kiti kwa heshima, akasema:

"Tumeingia, hatuna budi. Lakini vile vitabu vinavyowaleta watu kwetu, wakivipata wakiwa wamekaa kwao, watapanda ngazi zetu kufuata nini?"

"Mfumo unataka tuviorodheshe, mkuu."

"Orodhesha. Kuorodhesha si kuazimisha. Wewe ni mtu mzima, utajua la kufanya."

Naye akajua. Kwenye mfumo, mbele ya kila kitabu, palikuwa na kisanduku cha kuweka tiki: "Kiko kwa mjalidi." Ukiweka tiki hapo, kitabu kinaonekana lakini hakiazimiki, na muombaji anajibiwa na mashine yenyewe: ajaribu tena baada ya mwezi. Mama Kadi aliweka tiki mia nne na kumi na mbili kwa asubuhi mbili. Alijiambia ni kwa muda. Alijiambia ameamrishwa. Siku ya pili chakula cha mchana kilimshinda, akasingizia jino.

Sasa, mbele ya lile sanduku, alifungua orodha ya maombi yaliyokataliwa. Hakuwahi kuifungua. Mengi yalikuwa ya mara moja tu, watu wamejaribu wakakata tamaa. Ila moja lilirudi na kurudi: msomaji mmoja wa chuo cha chini ameomba jalada la "Simulizi za Wakunga" mara kumi na moja. Kila mwezi, tarehe ile ile ambayo mashine ilimwambia ajaribu tena, alijaribu tena. Mara ya mwisho ilikuwa miezi mitatu iliyopita, kisha kimya. Pasipo jina, namba tu, na namba haina sura.

Jalada lile lilikuwa moja duniani. Walimu wa uuguzi wa chuo cha juu walizunguka miaka mingi wakiwasikiliza wakunga wakongwe na kuandika maneno yao kwa taipureta.

Mama Kadi alipiga moyo konde. Alilitoa jalada rafuni, akalifunga kwa gazeti na kulitia mkobani. Kesho yake asubuhi alishuka ngazi na kuvuka barabara. Ndipo alipogundua kuwa hajaivuka tangu mfumo uanze. Kila kitu waliandikiana kwenye kompyuta, wakawa na shughuli nyingi pamoja, na hawakuonana.

"Pacha!" alipokewa na sauti kabla hajaona mtu. "Nusura nikuombe kitambulisho!"

"Na wewe umenenepa."

"Nakusaidia. Huko juu mnanyimana chakula, lazima mmoja wetu ale kwa niaba ya wawili." Pacha alimvutia kiti kile chenye mto, mwenyewe akachukua kile kinachoyumba, akamimina chai. "Sanduku limefika?"

"Limefika. Ahsante." Mama Kadi aliutoa mkobani ule mzigo wa gazeti, akauweka mezani. Maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima yakatoka yenyewe. "Nimemletea msomaji wenu lile jalada la wakunga. Limetoka kwa mjalidi."

Pacha aliweka kikombe mbali, akafuta mikono kwenye sketi, akalifungua lile gazeti taratibu. Alipitisha kidole gumba mgongoni mwa jalada, juu mpaka chini. Alilifungua katikati, pale uzi unapoonekana. Kisha akainama, akalinusa.

Alikaa hivyo muda mrefu kuliko wa kunusa.

"Gundi mpya hainyamazi, pacha," alisema polepole. "Hata mwezi ukipita utaisikia. Na uzi huu ni wa mzee wenu aliyestaafu, naijua mishono yake, alikuwa anaruka tundu moja kila baada ya tano."

Mama Kadi aliangalia chai yake.

"Halikwenda kwa mjalidi," Pacha alisema.

"Halikwenda."

"Na vile vingine?"

"Viko rafuni. Vyote. Mkuu alisema..." Akaishia hapo, kwa sababu alilisikia neno lenyewe lilivyokuwa jepesi. "Mikono ilikuwa yangu. Niambie msomaji ni nani, nimwombe radhi uso kwa uso."

Pacha alilifunga jalada, akaliweka mapajani kama mtu anayepakata mtoto wa mwenzake.

"Umeshamwomba," alisema. "Msomaji ni mimi."

Basi akamweleza. Chuo chao kiliwafungulia watumishi nafasi ya kusoma shahada jioni, naye akajiandikisha, mwanamke wa miaka hamsini na saba, darasani na watoto wanaomwamkia shikamoo kabla ya kumuazima kalamu. Hakumwambia mtu, aliona haya. Masomo yote alifaulu. Ikabaki tasnifu, na tasnifu yake aliitaka iwe juu ya wakunga na jinsi walivyofundishana kazi.

"Mama yumo humu," alisema, akiligusa jalada. "Walimhoji mwaka mmoja kabla hajafariki. Nilitaka nianze na maneno yake."

"Kwa nini hukunipigia simu? Pacha, simu moja tu! Ningekuletea mbio."

"Ndiyo maana sikupiga. Nilijua ungelinyofoa mikononi mwa mjalidi ukaniletea bila gamba, kisha mkuu wako akukaripie kwa kupendelea watu wa chini. Nikasema, nitangoja zamu yangu kama wasomaji wengine." Alikisogeza kikombe cha Mama Kadi karibu naye. "Nilikuwa nawaza, huyu mwenzangu jinsi anavyotaabika na vitabu vibovu, nami nimwongezee usumbufu?"

Nje mtu alikuwa anafagia, na ufagio ulisikika hatua kwa hatua mpaka ukapita dirisha.

"Andika sasa," Mama Kadi alisema. "Jalada hili hapa. Nitakusaidia, nitakuchapia."

"Waliniongezea muda mara mbili. Mara ya tatu wakasema kanuni haziruhusu. Usajili umefutwa miezi mitatu sasa."

"Nitakwenda kwa msajili wenu. Nitaandika barua, nitaeleza kosa ni langu."

"Mwezi ujao nastaafu, pacha. Nafasi ile ni ya watumishi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwenzake. Angetukanwa angeshukuru. "Kunywa chai, inapoa."

Alipoinuka kuondoka, Pacha aliivuta kompyuta yake, akampisha aliondolee jalada tiki, kisha akaliandikisha kwa namba yake mwenyewe. "Siku kumi na nne," alisema, "kama msomaji mwingine yeyote."

Mama Kadi alirudi mezani kwake, akafungua orodha ya vile vitabu. Mfumo ule haukubali kitabu kibadilike hali bila sababu, na sababu hubaki hapo pamoja na jina na tarehe, wakutubi wa vyuo vyote vitano wakiziona. Sababu zilikuwa tatu: Kimerejea kutoka kwa mjalidi. Kilipotea, kimepatikana. Kosa la mkutubi.

Alipofika kitabu cha thelathini simu ililia. Ni Nywila.

"Mama, naona kazi unayoifanya," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka, naweza kuvigeuza vyote kwa mpigo mmoja huku kwangu. Sababu haitaonekana. Hakuna atakayejua."

"Ahsante, mwanangu. Una utu. Lakini niachie."

Akaendelea kimoja kimoja, Kosa la mkutubi, Kosa la mkutubi, siku nne. Siku ya tatu mkuu wa chuo alisimama mlangoni, uso umemkunjamana.

"Umetuvua nguo mbele ya washindani wetu."

"Nguo zenyewe nilizishona mimi, mkuu. Nisamehe, lakini nazivua mimi."

Mkuu alitazama rafu, akatazama lile kopo la gundi bado limekaa mezani ndani ya mifuko yake miwili. Akaondoka. Maombi yalipoanza kumiminika wiki iliyofuata, hakuyazuia.

Jumanne ya siku ya kumi na nne dereva alileta jalada la wakunga. "Pacha wako ameniapisha tena nisilipindue," alisema, akalitua taratibu.

Mama Kadi alilifungua gazeti. Mgongo uliokuwa umeanza kuachia ulikuwa umevalishwa kitambaa kipya cha bluu, cha aina ile ile iliyokuja sandukuni. Ndani, kurasa zilizolegea zimeshonwa upya, mishono midogo iliyonyooka, hakuna tundu lililorukwa. Alilinusa. Gundi ilikuwa mbichi bado.

Alitafuta karatasi katikati ya kurasa, akalitikisa gazeti, akatazama mpaka sakafuni. Safari hii hapakuwa na neno lolote.

Alitafuta basi ukurasa wa yule mkunga, mama yake Pacha, akausoma wote amesimama, kisha akalirudisha jalada rafuni. Kwenye kompyuta tiki ya mjalidi ilikuwa imeshaondolewa zamani. Alikaa akiitazama nafasi yake, tupu, siku ambayo kwa mara ya kwanza tiki hiyo ingesema kweli: jalada lilikuwa limetoka mikononi mwa mjalidi.